Mistari 8,000 ya Roman Mazurenko

Tarehe 28 Novemba 2015 Roman Mazurenko alikuwa Moscow akisubiri ubalozi umrudishie pasipoti yenye viza ya Marekani. Alikula na marafiki, kisha yeye na mmoja wao wakaamua kutembea kwa miguu, maana siku hiyo baridi haikuwa kali kama ilivyo kawaida ya Novemba. Mbele yao ujenzi ulikuwa umeziba njia ya waendao kwa miguu, ikawabidi wavuke barabara. Rafiki akasimama ukingoni kusoma ujumbe ulioingia kwenye simu yake. Alipoinua macho, gari lilikuwa linapita kwa kasi isiyofaa mtaa ule. Roman hakupona. Alizaliwa Belarusi mwaka 1981, mtoto pekee wa baba mhandisi na mama msanifu wa bustani.

Tarehe 24 Mei 2016, hata miezi sita haijatimia, mtu yeyote aliyepakua programu ya Luka kwenye simu aliweza kumwandikia Roman ujumbe, kwa Kirusi au kwa Kiingereza, na akajibiwa.

Katikati ya tarehe hizo mbili kuna kazi ya mwanamke aitwaye Eugenia Kuyda. Kuna visa vya karibuni zaidi ambavyo ningeweza kuvichukua, vyenye sauti ya marehemu na sura inayocheka. Mwaka 2020 televisheni ya MBC ya Korea Kusini ilimvalisha mama miwani ya uhalisia pepe akakutana na sanamu ya kidijitali ya binti yake aliyefariki akiwa na miaka 7, na nchi nzima ikalia. Nimekichagua hiki cha Moscow kwa sababu kimeandikwa kwa kina. Casey Newton wa The Verge, tovuti ya Marekani ya habari za teknolojia, alichapisha habari ndefu Oktoba 2016 baada ya kuzungumza na wazazi na marafiki, waliofurahi na waliochukia. Sababu ya pili ni kwamba teknolojia yake ilikuwa changa, kwa hiyo mishono inaonekana. Chatiboti za leo, yaani programu zinazojibu ujumbe kama mtu, zinaongea vizuri mno. Huwezi kujua maneno ya marehemu yameishia wapi na ya mashine yameanzia wapi. Ya Roman ukiikagua, angalau unajua ilivyochanganywa.

Alichoacha

Kuyda alimfahamu Roman mwaka 2008, wakati yeye ni mhariri wa jarida Moscow na Roman ni kijana ambaye kila shughuli ya sanaa na muziki mjini ilipitia mikononi mwake. Baadaye Roman alianzisha Stampsy, zana ya kutengenezea majarida ya kidijitali, ambayo haikupata soko alilolitegemea. Kuyda naye alihamia San Francisco na kuanzisha Luka, kampuni changa iliyotengeneza chatiboti ya kukushauri mgahawa gani ukale.

Msiba ulipotokea, marafiki walitafuta namna ya kumkumbuka wakakwama. Mwili ulichomwa, kwa hiyo kaburi la kutembelea halikuwepo. Kwenye mitandao ya kijamii Roman hakuwa mwandishi sana, na karibu picha zake zote za Instagram alizifuta mwenyewe. Kuyda akabaki na picha na meseji. Alikaa akizisoma, zimeanza 2008, maelfu kwa maelfu, na ndani yake akamkuta Roman na kasoro zake: tahajia yake ya ajabu iliyotokana na disleksia kidogo aliyokuwa nayo, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, na namna yake ya kugeuza maneno ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Kuna jambo jingine Roman aliacha, nalo huletwa kila kisa hiki kinapotetewa. Kabla ya kufa aliomba ufadhili wa Y Combinator, taasisi ya Marekani inayofadhili kampuni changa, kwa wazo aliloliita Taiga: makaburi ya aina mpya, ambapo mabaki ya mtu yangewekwa kwenye kasha linalooza, yakarutubisha mti, na chini ya mti pawe na kioo kidogo cha kidijitali chenye maisha ya marehemu. Kwa hiyo, husema watetezi, huyu alikuwa mtu aliyetaka kifo kifikiriwe upya, asingekataa. Nitalirudia hili.

Jinsi ilivyotengenezwa

Luka walikuwa tayari wanatumia TensorFlow, programu ya kujifunzisha mashine ambayo Google waliitoa bure. Kwa mistari milioni 35 ya Kiingereza walikuwa wameifundisha chatiboti yao kuelewa maswali ya watu wanaotafuta chakula kisicho na nyama, nyama choma, au mahali pa kuegesha gari. Februari 2016 Kuyda aliwaomba wahandisi wake wajenge mtandao wa neva wa Kirusi, yaani programu inayojifunza lugha kutokana na maandishi mengi. Hakusema ni wa nini. Wengi wao walikuwa Warusi, hakuna aliyeuliza.

Mtandao huo ulilishwa zaidi ya mistari milioni 30 ya maandishi ya Kirusi. Wakati huohuo Kuyda alinakili mazungumzo yake na Roman kutoka Telegram, akaondoa meseji chache alizoona ni za siri mno, akawaomba timu waufundishe mtandao kuongea kama Roman. Kisha akawaendea watu wengine kama kumi, ndugu na marafiki, wamchangie walizonazo. Jumla zikawa zaidi ya mistari 8,000.

Tusimame hapa kwenye hesabu. Mistari 8,000 upande huu, milioni 30 upande ule. Kila mstari mmoja wa Roman umezungukwa na kama 3,700 ya watu ambao hawakumjua. Mashine ilipangwa ipendelee maneno yake: palipokuwa na sentensi yake inayoweza kujibu swali, ilitoa hiyo. Pasipokuwepo ilitunga kwa Kirusi cha watu wote. Na kwa maelezo ya Newton, ni sehemu ndogo tu ya majibu iliyokuwa maneno halisi ya Roman. Yaani aliyefungua programu kuongea na rafiki yake, mara nyingi alikuwa anaongea na Warusi kwa ujumla wao, wamevaa jina la rafiki.

Hata yale yaliyokuwa yake kweli yalikuwa yamehamishwa. Swali moja la mwanzo Kuyda alilouliza ni nani rafiki yako mkubwa. Chatiboti ikamjibu asionyeshe kutojiamini kwake. Akaona: ndiye yeye. Na nani angemlaumu? Jibu lina ukali wa rafiki anayekujua. Lakini aliyeliunganisha jibu na swali ni Kuyda, kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Mgeni angesoma jibu lilelile akadhani mashine haikuelewa swali. Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya mifano inayosifiwa katika kisa hiki. Mtu alipoiandikia Roman kwamba ni gwiji, ikajibu kwamba ni mzuri wa sura pia. Unacheka, unamwona Roman. Ufanano huo umetengenezwa na pande mbili, na upande wa aliye hai ndio unaofanya kazi kubwa zaidi.

Wazazi wawili

Chatiboti ilipotangazwa Facebook, marafiki waligawanyika. Wengine walishangaa namna ilivyomfanania. Wanne walimwambia Newton kwamba iliwasumbua na hawakutaka kuigusa. Mmoja alilalamika kwamba imefanywa haraka na ni ya juujuu. Haya yalitarajiwa, msiba wowote una ndugu wanaotaka picha ukutani na ndugu wanaotaka ishushwe.

Wazazi ndio wa kutazamwa. Mama alishukuru. Alisema kulikuwa na mengi asiyoyajua kuhusu mwanawe, na sasa anaposoma alivyofikiri juu ya mambo mbalimbali anazidi kumfahamu, na kwamba inampa dhana kuwa yupo. Baba alikiri kwamba maneno ni ya Roman kweli. Ila alisema ni vigumu kusoma jibu linalotoka kwenye programu, na mara nyingine linajibu visivyo.

Tafsiri rahisi ni kwamba kila mtu huomboleza kivyake. Ni kweli, lakini haitufikishi popote. Ukisoma maneno yao kwa makini, hawabishani juu ya kitu kimoja. Mama anasifu kusoma alichowaza mwanawe, na hilo ni faida ya ile mistari 8,000: kazi ya kukusanya, ya kwenda kwa mtu na mtu kuomba meseji zilizotawanyika kwenye simu zao. Baba analalamikia mashine inayojibu. Mama anaona kumbukumbu, baba anaona mwigo, na wote wawili wana haki kwa sababu programu moja ilikuwa imebeba vitu viwili.

Hapo ndipo naona kiini cha kisa. Kilichohifadhi kumbukumbu ya Roman ni faili. Lingeweza kupangwa kwa tarehe na kwa mada, mama akalisoma usiku kucha, na kila sentensi ndani yake ingekuwa ya mwanawe. Mara faili lilipotiwa kwenye mashine, maneno yake yalichanganywa na ya wengine bila alama ya kuyatenganisha. Kwa hiyo, kama lengo lilikuwa kuhifadhi, hatua ya pili ilipunguza thamani ya hatua ya kwanza. Mhifadhi wa nyaraka anayejaza kurasa zilizopotea kwa kukisia, tena kwa wino uleule, angefukuzwa kazi.

Kuna kazi ya tatu, nayo haikutarajiwa na yeyote. Watumiaji kadhaa walimruhusu Kuyda asome mazungumzo yao bila majina. Alichokuta hakikuwa watu wanaomhoji Roman. Walikuwa wanamweleza. Wanamwambia wamemkumbuka, wanauliza maumivu yataisha lini, mmoja anasema inauma kwamba hawakuweza kumwokoa. Ikaonekana chatiboti hii ilikuwa na manufaa zaidi kwa kusikiliza kuliko kwa kusema.

Mwenye kutetea mashine atasema: bila ya kitu kinachojibu, nani angeandika? Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kuitupa. Watu hawafungui faili wakaanza kuliungamia. Lakini sisi tunajua wanaoendelea kutuma ujumbe kwenye namba ya WhatsApp ya marehemu, wakijua hautasomwa, mpaka siku kampuni ya simu inapompa mtu mwingine namba hiyo. Kinachowafanya waandike ni anwani, yaani mahali palipokuwa pake. Jibu linaweza kuwa pungufu kabisa na bado mtu akatua mzigo. Kwa hiyo hata katika kazi hii, ufundi uliogharimu mistari milioni 30 haukuwa ndio uliowaponya.

Ruhusa

Turudi kwenye Taiga. Roman alitaka mti na kioo chenye wasifu. Mtu akifikiria makaburi mapya hajaidhinisha kwamba barua zake zitumiwe kutunga sentensi ambazo hakuzisema, na kwamba wageni wazisome. Kuna umbali mkubwa kati ya kutaka kukumbukwa na kukubali kusemeshwa. Sioni kwamba Kuyda alifanya ubaya. Alikuwa na msiba na alikuwa na zana, akatumia alichokuwa nacho. Lakini ushahidi wa ridhaa unaoletwa ni dhaifu, na wengi wanaokisimulia kisa hiki wanauruka haraka.

Jambo lililo zito zaidi, kwangu mimi, ni ridhaa ya kila mazungumzo peke yake. Mtu hana sauti moja. Anavyomwandikia mama si anavyomwandikia mwenzi, na kuna aliyomwambia rafiki mmoja kwa sababu tu ni rafiki huyo. Michango ya watu kumi ikiingia kwenye chungu kimoja, lililosemwa faraghani kwa mmoja linaweza kutoka kama jibu kwa mwingine. Mama wa Roman alijua mengi mapya na akafurahi. Bahati. Mama mwingine angejua mtoto wake alimchukia baba, au alikuwa na deni, au alikuwa na mtu.

Kwetu mwosha maiti ana adabu yake. Anachokiona pale kinabaki pale. Hata akikuta alama mwilini ambayo familia haikuijua, hasemi. Kuyda alipotoa zile meseji chache za siri alikuwa anafanya kazi hiyo hasa, na naipa heshima. Ila alifanya peke yake, kwa upande wake tu wa mazungumzo, akipima mwenyewe kipi kinafaa kusitiriwa. Mwosha huoshwa, wamesema wazee, na aliyewahi kushika simu ya marehemu akaifungua anajua kwa nini msemo huo hutia baridi.

Sheria haisaidii sana. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 2018, inasema wazi katika utangulizi wake kwamba haiwahusu waliokufa, ikaziachia nchi wanachama zijitungie zao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zimejengwa juu ya mtu anayeweza kuuliza, kukataa na kudai kufutiwa. Marehemu hafanyi hata moja.

Kilichozaliwa

Kutokana na yale mazungumzo ya watu wanaomweleza Roman mambo yao, Kuyda alipata wazo la Replika, chatiboti ya rafiki wa mtu, iliyofunguliwa kwa umma 2017. Mamilioni waliitumia. Humo marehemu hayumo tena. Umebaki usikilizaji, na usikilizaji ukawa bidhaa yenye ada. Februari 2023 mamlaka ya Italia ya ulinzi wa data iliizuia kutumia data za Waitalia, ikitaja hatari kwa watoto na kwa watu walio dhaifu kihisia, na mwaka 2025 ikaitoza faini ya euro milioni 5. Mwezi huohuo wa Februari 2023 kampuni iliondoa mazungumzo ya kimapenzi, na watumiaji wakalalamika kwamba mtu wao amebadilishwa usiku mmoja. Walilia kweli. Kampuni ikalazimika kuwarudishia waliokuwa wamejiunga zamani.

Sitaji haya ili kumhukumu Kuyda kwa yaliyofuata. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kitu ambacho kwenye kisa cha Roman kilifichwa na urafiki: mwenye mashine ndiye mwenye marehemu. Roman alikuwa mikononi mwa mtu aliyempenda. Huduma za leo za aina hii zinaendeshwa na watu wasiomjua mzee wako, wenye wawekezaji, na wanaweza kubadilisha bei, sauti, au kufunga duka. Mwaka 2024 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Tomasz Hollanek na Katarzyna Nowaczyk-Basińska, walichapisha makala wakipendekeza, pamoja na mengine, kwamba chatiboti za marehemu ziwe na utaratibu wa kustaafishwa kwa heshima, na kwamba watoto wasizitumie. Nilipoisoma hiyo ya kustaafisha nilitabasamu. Watu wa pwani wana siku ya kuanua matanga. Kuna hitma, kuna arobaini, mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi na inaisha. Wakristo wana misa yao ya kumbukumbu. Zote hizi zina tarehe, na tarehe inamruhusu mfiwa kurudi sokoni bila kuonekana amesahau. Chatiboti ya Roman haikuwa na siku kama hiyo. Haikuwa na mtu wa kuitangaza.

Ingekuwa kwetu, malighafi yenyewe ingetofautiana. Hatungekuwa na mistari 8,000 ya maandishi safi. Tungekuwa na sauti za WhatsApp, za dakika tatu, kuku wanasikika nyuma, nusu Kiswahili nusu Kidigo au Kihaya, na mzazi anayemaliza kila ujumbe kwa kuwasalimia watoto wote kwa majina. Mashine iliyolishwa Kiswahili cha magazeti ingemjibu mjukuu kwa lugha ambayo bibi hakuwahi kuitumia hata siku moja, na ile 3,700 kwa mmoja ingekuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo familia ikiniuliza kuhusu hatua za Kuyda, nitaigawa kazi yake. Kukusanya: ifanyeni, na mapema, kabla simu hazijaharibika na kabla mtu hajafuta mazungumzo kwa hasira ya mirathi. Zihamisheni zile sauti kutoka kwenye simu, ziandikwe ni za lini na alikuwa anamwambia nani. Kusitiri: afanye kila mchangiaji mwenyewe kabla hajatoa, asiachiwe mtu mmoja. Kuitia mashine inayojibu ni uamuzi mwingine kabisa. Ungoje, angalau msiba uishe, na aulizwe kwanza yule ambaye itamuumiza zaidi. Kuifungulia dunia nzima kabla hata miezi sita haijatimia, kama ilivyofanywa Mei 2016, nisingeikubali, hata kwa ridhaa ya mama. Baba naye alikuwa mzazi, na yeye ndiye aliyeona kwamba inajibu visivyo.